Sekunde Arobaini za Bi Mejumaa

Duha alikuwa mtu ambaye hata akienda dukani kununua mkate hukohoa kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa ya kusema. Miaka miwili ya chuo, akisomea ufundi wa sauti, haikumponya haya yake, ila ilimpa mahali pa kuihifadhi: ndani ya hedifoni. Akishazivaa, na mlango wa chumba chake kule nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, umefungwa, Duha huwa mtu mwengine. Humo hapana wa kumkatiza. Humo yeye ndiye aamuaye nani asikike na nani anyamaze.

Kazi aliyokuwa akiipata ni kuhamisha kanda za zamani za watu na kuziingiza kwenye kompyuta, kisha kuzipitisha kwenye prosesa, yaani ile programu ya kunoa sauti. Kanda iliyolala kabatini miaka mingi hutoka imefifia, wimbo mzima umesongamana katikati ya kichwa cha msikilizaji kama mizigo stoo. Prosesa huufungulia nafasi. Huchota kidogo cha sikio la kushoto ikakimegea la kulia, na cha kulia ikakirudisha kushoto, mpaka mtu adhani waimbaji wamemkalia mbele, mmoja huku na mmoja kule. Huinua sauti za watu na kushusha mvumo wa mashine. Na zile ncha za sauti ambazo kanda imezila kwa uzee, prosesa huzikisia na kuzitia upya. Hapo ndipo Duha alipopapenda kuliko pote. Alikuwa akisogeza vitufe vyake polepole, macho kafumba, akitabasamu peke yake.

Ng'ambo ya kichochoro aliishi Bi Mejumaa, mwenye miaka sabini na kitu. Ujanani mwake hapana mwari aliyesingwa Mji wa Kale bila Bi Mejumaa kuitwa. Siku ya singo, wanawake wanapomsugua bi harusi mwili kwa liwa na manukato, yeye ndiye aliyekuwa akitoa nyimbo, wenzake wakiitikia, na mwari akifundwa mambo ya ndoa kwa maneno ambayo mama mzazi angeona haya kuyatamka. Sasa masikio yalikuwa yamemtupa mkono. Mwanawe aliyeko Muscat alimletea hedifoni kubwa, nyeusi, za kufunika sikio zima, lakini hazikumfaa kitu. Alisema alisikia kama watu wanaozungumza chini ya blanketi.

Ndipo siku moja akavuka kichochoro na kanda mkononi, imefungwa kwenye leso.

"Duha, mwanangu, sikiza," alisema kwa ukelele, kama wasemavyo wasiojisikia. "Hii ni singo ya mwaka ule wa mvua kubwa. Ndiyo sauti yangu pekee iliyobaki duniani. Ndani tulikuwa wanawake watupu. Hata paka dume tulimtoa."

"Naam, Bi Mejumaa."

"Eeh?"

"Naam!"

"Basi ni amana. Mwanamume asiisikie. Wala babako. Na kama hiyo mashine yako ni ya kiume, itie kitambaa cha macho." Akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka. "Haki ya Mungu, mwanangu. Wenzangu mle ndani wengine ni marehemu. Waliimba kwa kuniamini mimi."

Duha aliapa. Mamake alikuwapo na alisikia.

Kwa Bi Mejumaa alifanya kazi ya siku nne, na aliifanya kwa adabu. Hakuirembesha. Alitafuta tu ni wapi masikio ya bibi yalikuwa yamebaki na uhai, akazinyanyua sauti za hapo, zile nyingine akaziacha. Alipomvika zile hedifoni nyeusi na kuanzisha wimbo, Bi Mejumaa alitulia kwanza. Kisha mkono ukaanza kupiga paja. Kisha akajiitikia mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, machozi yakimshuka, na Duha akatoka ukumbini kwa sababu hakuweza kumtazama.

Lau angeishia hapo.

Kingi alikuwa mwanafunzi mwenzake chuoni, kijana wa Kaloleni aliyekuwa akiuza hedifoni katika duka moja la mjini. Alikuwa na ukurasa mtandaoni wa kuwafunza watu jinsi ya kutumia prosesa ili hedifoni za bei rahisi zisikike kama za matajiri. Alikuwa mpole, mcheshi, na chuoni ndiye pekee aliyekuwa akingoja Duha amalize kukohoa ndipo aseme. Siku moja alimwandikia: "Duha, nahitaji mfano wa kabla na baada. Sauti ya zamani iliyochoka, kisha ile iliyonolewa. Zako huwa safi kuliko za sote."

Zako huwa safi kuliko za sote. Alilisoma neno hilo mara saba.

Akaifungua kanda ya Bi Mejumaa. Alijiambia kwamba hapana jina ndani yake, hapana sura, hapana mtaa. Ni sauti tu, na sauti si mtu. Akakata sekunde arobaini, pale wimbo uliponoga:

*Jiko ni lako, mwari, moto usiuzime,*
*na kuni zikija mbichi, zipulize taratibu.*

Safari hii hakufanya kwa adabu. Alivisogeza vitufe vyote. Alikipanua chumba kikawa ukumbi, akaling'arisha koo la Bi Mejumaa likawa kama la msichana wa miaka ishirini, akawapanga waitikiaji duara zima la kichwa. Akatuma.

Jibu lilikuja kwa sauti. "Duha! Wewe ni fundi, wallahi, ingawa mimi ni Mkristo naapa hivyo hivyo! Nimevaa hedifoni za shilingi mia tano, na naona kama nimekaa na hao kina mama chumbani!"

Duha alilisikiliza mara nyingi, uso umemwiva kwa furaha. Maneno yale ya mwisho aliyasikia kama sifa.

Siku kumi baadaye mamake alimtuma soko la Marikiti kununua ndimu. Hamali mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni wa viazi, anawafukuza watu njiani, na badala ya kusema "habedari" alikuwa akiimba: "Jiko ni lako, mwari!"

Mwenziwe akamjibu kutoka upande wa vitunguu: "Na kuni mbichi je?"

"Zipulize taratibu!" wakapokea wote, wauza nazi, wauza mihogo, na mzee mmoja aliyekuwa akinunua pilipili.

Duha alisimama. Alidhani anaumwa.

"Wataka ndimu ngapi, dadangu?" aliuliza Kanze, mama wa ndimu. Alipoona msichana hajibu, akacheka. "Hujaisikia bado? Haya, sikiza mwenyewe." Akatoa simu kifuani, akaibonyeza.

Simu ilikuwa mbovu na soko lilikuwa kelele tupu, lakini Duha aliijua kazi ya mkono wake. Aliujua ule upana. Aliujua ule mng'aro aliouweka mwenyewe, kitufe cha tatu kutoka juu. Watu walikuwa wameikata, wakaibandika kwenye video za kuchekesha: mpishi mwenye tumbo, mwanamume aliyevaa leso, mbuzi.

"Ni nani huyu?" aliuliza Duha.

"Wasema ni bibi wa hapo Mji wa Kale, kwa lafudhi hiyo. Sijui bibi gani, lakini lo! Alikuwa moto huyo!" Kanze akapiga kofi. "Mume wangu aicheza kutwa. Nimemwambia, mwite basi huyo bibi aje akupulizie!"

Duha alirudi nyumbani bila ndimu. Akampigia Kingi kabla hajavua buibui.

"Kingi, ile sauti itoe."

"Ipi? Ile ya kwako? Duha, watu laki mbili wameisikiliza! Nilikuwa nataka nikupigie, nikwambie..."

"Itoe. Haikuwa yangu."

"Sijafahamu. Wenyewe hawakukubali?"

"Sikuwauliza. Ni singo, Kingi. Nyimbo za ndani. Mwanamume hatakiwi kuzisikia."

Alimsikia akivuta pumzi. "Yesu wangu. Na mimi nikazivaa masikioni." Halafu, taratibu: "Naitoa sasa hivi. Lakini watu wameshaibeba, Duha, nikisema itarudi nitakudanganya. Mbona hukuniambia?"

Jibu alilijua. Ningekwambia, usingeisikia. Na mimi nilitaka uisikie. Nilitaka useme vile ulivyosema. Alikata simu, akajilaza chini sakafuni penye baridi, na kila alipokumbuka alivyotabasamu siku ile, alifunika uso kwa viganja ingawa chumbani hamkuwa na mtu.

Na hapo ndipo shetani alipompitishia jambo baya zaidi. Bi Mejumaa hasikii. Hana simu ya picha. Anaoonana nao ni majirani wanawake, na wao watamwonea huruma. Duha akinyamaza, upepo utapita, watu watapata kichekesho kingine, na yule bibi atakufa bila kujua. Siku mbili alikaa na wazo hilo kama mtu aliyekaa na kitu cha wizi chini ya godoro.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, alichungulia dirishani. Bi Mejumaa alikuwa amekaa barazani kwake, anachambua mchele. Wakapita wanaume wawili, watu wazima wenye heshima zao, mmoja simu mkononi, na simu yenyewe inaimba. Ilikuwa ikiimba kwa sauti ya Bi Mejumaa, hatua mbili kutoka kwenye miguu ya Bi Mejumaa. Wakamwamkua kwa adabu: shikamoo bibi, wazima wa nyumbani? Naye akainua uso, akatabasamu, akaitikia marahaba, marahaba wanangu, Mungu awape. Wakaenda zao wanacheka na ule wimbo, na yeye akarudi kwenye mchele wake.

Duha aliondoka dirishani na kukaa juu ya kitanda. Hata kulia hakuweza.

Alasiri ile ile Bi Mejumaa alivuka kichochoro mwenyewe. Alikuwa na leso nyingine, imefunga kitu.

"Nimeipata ya pili," alisema, akikaa bila kungoja kiti. "Ilikuwa kwa marehemu dadangu, chini ya nguo zake. Hii ni ya harusi yangu mimi. Nilikuwa simpi mtu. Lakini nimesema, nimpe Duha. Ndiye mwenye kujua kutunza." Akaisogeza mezani.

Duha hakuigusa. "Bi Mejumaa, mimi sifai."

"Eeh?"

"Nimefanya kosa."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Wataka chai?"

Madirisha yalikuwa wazi. Katika kichochoro kile mtu akipiga chafya huombewa rehema na nyumba nne. Duha alijaribu tena kwa sauti kubwa zaidi, akichelea majirani. Neno lilitoka limevunjika, na Bi Mejumaa akatikisa kichwa, akacheka, akaonyesha masikio yake kana kwamba kosa ni lao.

Ndipo Duha akazichukua zile hedifoni nyeusi, akamvika. Akawasha kipaza sauti cha kompyuta, akaipitisha sauti yake mwenyewe kwenye prosesa, kwenye vile vitufe alivyokuwa amevipanga kwa ajili ya masikio ya bibi. Akainama. Akanong'ona.

Alisema yote. Alisema kuhusu Kingi na lile neno alilolisoma mara saba. Alisema kuhusu sekunde arobaini, mkokoteni wa viazi, mama wa ndimu. Alisema kuhusu wale wanaume wawili waliomwamkua barazani. Alisema pia kwamba alikuwa ametaka kunyamaza, kwa kuwa yeye bibi hasikii. Chumba kizima hakikusikia ila mnong'ono, lakini Bi Mejumaa alisikia kila kitu, kwa ukubwa wake: mate yanavyomezwa, pumzi inavyokwama, kilio kinavyozuiwa. Uso wake ulikuwa ukibadilika kidogo kidogo, na Duha aliutazama kwa kuwa aliona hana haki ya kuangalia kando.

Alipomaliza, Bi Mejumaa hakuzivua hedifoni. "Niwekee," alisema. Safari hii hakupiga kelele. "Hicho walichosikia."

Duha akaweka.

Zilipita sekunde arobaini. Bi Mejumaa akakunja uso. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi?" Akataka arudishiwe. Akasikiliza tena, kichwa kakiinamisha. "Mimi sikuwa na koo hili. Koo langu lilikuwa likikwaruza tangu usichana, ndiyo maana watu wakilijua. Huyu mtoto mwororo umemtoa wapi?"

"Ni prosesa. Niliirembesha. Ili ipendeze."

"Ipendeze kwa huyo kijana."

"Ndiyo."

Bi Mejumaa alizivua hedifoni polepole, akaziweka juu ya meza karibu na kanda ya harusi yake. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema, "kisha ukanivisha za mwanamke mwengine. Hata aibu yangu si yangu."

Duha alipiga magoti. "Naomba radhi, Bi Mejumaa." Hakujua kama amesikika, akasema tena, na safari hii alipaza, akapaza mpaka jirani wa juu akafungua dirisha. "Naomba radhi! Niwie radhi!"

"Nimesikia." Bi Mejumaa aliichukua kanda yake akaifunga tena kwenye leso, mafundo mawili. "Lakini mle ndani sikuimba peke yangu. Tulikuwa saba. Watatu wako kwa Mola wao. Hao utawaombea dua. Watatu wako hai: Hind yuko mtaa wa Bondeni, wawili wako mtaa wa Kuze. Waliniamini mimi, mimi nikakuamini wewe. Nenda kawaambie, kila mmoja kwake, kwa mdomo wako. Usitume simu. Usimtume mamako."

"Na wewe je?" alipaza Duha.

"Mimi wa mwisho. Ukishatoka kwa wa mwisho wao, ndipo uje kwangu. Nitakachokwambia sikijui bado."

Duha hakulala vizuri, na asubuhi hakula. Nyumba ya Bi Hind Bondeni ilikuwa nyuma ya msikiti, na alipita mlangoni mara tatu kabla hajabisha. Mlango ulifunguliwa na mama mfupi, mnene, mwenye unga mikononi. Aliposema "Karibu," Duha alimtambua papo hapo kwa sauti. Alikuwa amekaa naye siku nne ndani ya sikio la kushoto. Ndiye yule aliyekuwa akiitikia kabla ya wenzake, kila mara, kama asiyeweza kungoja.

"Nimetoka kwa Bi Mejumaa," alisema.

"Mejumaa! Yu hai mchokozi yule? Ingia, ingia mamangu. Mtoto wa nani wewe? Uso kama kikombe cha kaure!" Akamvuta kwa mkono wenye unga. "Usiniambie umekuja kunichungulia mwanangu. Yupo sebuleni, ana kazi nzuri, ila mvivu wa kufua."

"Bi Hind, naomba tukae wawili tu."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Ni ile singo ya mwaka wa mvua kubwa. Uliyoimba."

Bi Hind alikodoa macho, akaziba kinywa kwa mkono na kujipaka unga. "Nani kakwambia? Mejumaa huyo! Lo, tulikuwa watovu wa adabu siku ile!" Na kwa furaha, akitikisa mabega, akauanza wimbo kwa sauti ya chini, ile ile iliyokuwa ikikimbilia mbele.

Kutoka sebuleni kijana akaangua kicheko. "Mama! Hata wewe umeipata? Nani kakurushia?"

Bi Hind akanyamaza. Mabega yakatulia. Aliutazama mlango wa sebule, kisha akamtazama Duha, na ule mkono wenye unga ukamwachia.

"Ni mimi," alisema Duha. "Ni mimi niliyeitoa nje."

Bi Hind alikwenda akaufunga mlango wa sebule. Akarudi, akakaa. Hakumkaribisha kiti. Duha alisimama katikati ya jikoni akasema yote tangu mwanzo, kama alivyoyasema kwa Bi Mejumaa, lakini sasa hapakuwa na hedifoni wala prosesa, na sauti ilibidi itoke kwake mwenyewe. Alipofika pale pa lile neno la Kingi alitamani aliruke. Hakuliruka.

Bi Hind alinawa mikono. Alijifuta kwa muda mrefu, kidole kwa kidole. Kisha akachukua buibui lake msumarini.

"Nyumba za hao wa Kuze huzijui," alisema. "Nitakupeleka. Nataka niwepo. Na uyaseme vivi hivi ulivyoyasema hapa, usipunguze hata moja."

Wakatoka. Bi Hind alitangulia bila kugeuka, na Duha akamfuata nyuma yake hatua tatu, kwa kuwa hakuthubutu kwenda naye sambamba.